Umri wa Mbao

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na hasira yangu kubwa kuliko zote ni juu ya namba mbovu. Mtu akinidanganya sokoni Birere tunacheka pamoja na kesho narudi kwake. Namba ikinidanganya, chakula hakipiti. Kwa hiyo nianze na ile namba iliyoninyima chakula karibu wiki nzima, nikijua fika kwamba aliyeiandika ni mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni kuhesabu mzigo ambao nyumba inaitwika dunia. Kila kitu tunachojengea, bati, saruji, jiwe, msumari, kina maisha yake. Kilichimbwa au kilikatwa mahali fulani, kikapitishwa motoni, kikapanda lori lililokula mafuta, kikakaa ukutani miaka kadhaa, mwishowe kikatupwa au kikachomwa au kikapata kazi nyingine. Kila hatua inaacha moshi, inaacha vumbi, wakati mwingine inaacha sumu. Tunaandika hayo yote katika hazina kubwa ya data, mstari mmoja kwa kila kitu, ili mtu anayechora shule au zahanati aweze kulinganisha kabla hajaanza kujenga. Kwa muda mrefu Goma, mji wetu, haikuwemo humo. Aliyechora nyumba ya hapa aliazima mistari ya Ulaya, na jiwe letu la lava likahesabiwa kana kwamba limepasuliwa kwa baruti na kusagwa kwa mashine, ilhali sisi tunalipasua kwa nyundo, mara nyingi kwenye parseli ileile, yaani kiwanja kilekile, litakapojengewa. Nilipopewa kazi ya kuandika mistari yetu wenyewe, nilijiona nimefika.

Mstari wa jiwe niliuandika vizuri, hadi leo naringa nao. Nilishinda Kibati, nje ya mji, siku nyingi na wapasua mawe, nikapima nyundo zinavyoisha, nikahesabu safari za malori, nikarudi nyumbani na vumbi jeusi masikioni. Hakuna aliyewahi kunirudishia mstari ule na swali. Ulioniumbua ni mstari wa nyumba ya mbao, na huo nilidhani ndio rahisi, kwa sababu nimezaliwa ndani ya nyumba ya mbao.

Parokia moja ya mtaa wetu wa Murara ilipata mfadhili wa kujenga madarasa sita. Mezani palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mbao juu ya msingi wa mawe ya lava, jinsi sehemu kubwa ya mji huu ilivyojengwa. Ya pili ilikuwa paneli za bati zenye povu katikati, zinazofika zimefungwa ndani ya kontena kutoka bandari ya Mombasa. Mfadhili alisema atachagua njia yenye mzigo mdogo zaidi kwa miaka yote ambayo shule itasimama, na namba zitatoka katika hazina yetu. Niliposikia hivyo nilitembea Murara nzima kichwa juu.

Upande wa mbao alisimama muzee mmoja, fundi seremala, ambaye sitamtaja jina maana angenigombeza. Ni mtu wa Butembo, lakini amekaa Murara miaka mingi sana, na atelye yake, karakana ya useremala, iko nyuma ya nyumba ya mama yangu. Kelele ya randa zake ndiyo inayomwamsha mama kila asubuhi. Mafundi sita walikuwa wanaishi kwa kazi yake, na kazi ilikuwa imepungua, kwani wenye uwezo walishahamia kwenye matofali ya saruji na wasio na uwezo walikuwa wanangoja siku njema. Siku moja tukiwa mlangoni pa atelye aliniambia wazi.

"Mutoto yangu, hii shule ikinipita, minafunga. Hawa batu nitaambia barudie kwao. Na mimi minaenda kukaa kwa binti yangu Butembo, nikule ndizi, ningoje siku yangu."

Alisema huku anacheka. Lakini mkono wake uliendelea kusugua ubao mmoja uliokuwa umeshalainika zamani, na nilimwona hana raha.

"Papa, usiogope," nikamwambia. "Mustari ya mbao ni mimi niliandika."

Nilisema kwa kiburi, sikatai. Nilikuwa nimezunguka mtaa kwa mtaa na kesionere yangu, karatasi ya maswali, nyumba baada ya nyumba, nikiuliza mbao zimetoka wapi, zimekuja kwa lori gani, nyumba ina miaka mingapi. Niliamini hakuna mtu mwingine duniani anayeijua nyumba ya mbao ya Goma kama ninavyoijua mimi.

Hesabu ya kwanza ikatoka. Tulipewa majuma mawili ya kutoa maoni kabla kamati ya shule haijakaa kuamua. Paneli zilikuwa zimeshinda, tena kwa mbali. Nikafungua hesabu kipande kwa kipande kutafuta mwizi, na nilimkuta kwenye safu ya uhai. Sitaitaja namba yenyewe, bado inanichoma. Inatosha kusema kwamba kwa mujibu wa mstari wangu, nyumba ya mbao hapa kwetu inakufa kabla mtoto aliyezaliwa ndani yake hajamaliza shule ya msingi. Maana yake, ili shule isimame miaka yote ya hesabu, ingebidi ijengwe upya tena na tena, kila mara miti mipya ikatwe, lori lishuke tena kutoka milima ya Masisi, na mbao za zamani zichomwe. Paneli zilikuwa zimesimama tu pembeni, safi, zikitutazama.

Muzee alikuwa amesikia kabla sijafika. Alinikuta uani kwa mama, penseli yake sikioni kama kawaida.

"Ni nani aliandika kama mbao yangu inakufa mbio hivi?"

"Ni mimi, papa."

Nilingoja anigombeze, na ningeshukuru, kwa sababu kelele naiweza. Akasema tu, "Haya," akarudi kwenye atelye yake. Siku hiyo sikusikia randa tena.

Nilirudia karatasi zangu zote. Sikupata kosa la kujumlisha wala la kunakili. Watu walikuwa wamejibu, nami nilikuwa nimeandika walichojibu: tangu tuliingia hapa, tangu volkano, tangu mutoto wa kwanza alioa. Kila karatasi ilikuwa safi. Nilikaa kwa mama na sahani ya ugali na sombe mbele yangu, nikaisukuma. Mama yangu hapendi chakula kisukumwe.

"Kula."

"Sina njaa, mama."

"Uko na hasira. Hasira haiko ugonjwa. Kula, na ukikula unisemeshe."

Nikala matonge mawili kwa heshima yake, nikamweleza. Nilipofika kwenye miaka ya nyumba alinikata.

"Na ya kwangu uliandika ngapi?"

Nyumba ya mama ilikuwamo katika orodha yangu, tena ilikuwa ya kwanza, kwa sababu nilianzia kazi nyumbani. Nilikuwa nimehesabu tangu alipohamia Murara. Nikamtajia. Mama alianza kucheka, akacheka hadi akashika kiti, halafu akaniita chumbani mwake na kuniamuru nivute kitanda.

Nyuma ya kitanda, ambako hakuna mgeni anayefika, kila ubao ulikuwa na alama. Nilikuwa nimeziona utotoni, jinsi mtoto anavyoona kila kitu bila kuuliza. Palikuwa na mikato midogo ya patasi, mmoja, miwili, mitatu, kuendelea. Juu yake palikuwa na namba za rangi ya buluu, zikianza na moja kwenye kona ile ya mlango. Na juu ya hizo palikuwa na namba nyingine za kalamu nyekundu ya seremala.

"Hii ya patasi ni wakati tulitoka kwenye parseli ya kwanza kule Birere," mama akasema, akigusa kwa kidole. "Hii ya bleu ni wakati lava ilikuja kusimama kwenye choo yetu, papa yako akaipeleka nyumba Kibati kwa ndugu yake. Hii ya rouge ni wakati tulitoka Kibati, tukakuja hapa. Na mbele ya hii ya patasi, nyumba ilikuwa ya mama ya papa yako. Minaikuta pale siku ya ndoa."

Nikakaa kitandani. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni.

Kwa asiyekuwa wa hapa, nieleze. Goma nyumba ya mbao ni mali ya familia, lakini udongo chini yake mara nyingi ni wa mtu mwingine, na udongo wenyewe una tabia zake. Mwenye parseli akiihitaji, au lava ikikufikia, au mtoto akioa na kutaka chumba, unamwita fundi. Anaandika namba kwenye kila ubao ili asipotee, anang'oa misumari na kuinyoosha, anapakia kuta kwenye lori au kwenye chukudu kadhaa, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, na ikibidi kesho yake mnalala ndani ya nyumba ileile mahali pengine. Nasi hatusemi nyumba imehama. Tunasema sisi tumehama, na siku ya kuhamia ndiyo tunayoanzia kuhesabu. Ukimuuliza mtu wa hapa nyumba yake ina miaka mingapi, atakuambia tangu lini anaishi pale, naye atakuwa amekujibu kwa moyo mweupe.

Mimi mwenyewe nilishahamishwa hivyo. Namkumbuka vizuri baba akinipandisha juu ya ukuta wa chumba chetu, umelazwa kwenye lori, nikashika pembe ya dirisha barabara nzima ya Kibati. Halafu nikaenda chuo, nikafundishwa kwamba umri wa jengo unaanza siku linapomalizika, nikafaulu mtihani, nikarudi Murara na karatasi. Mgeni asingekosea namna hiyo, maana angeuliza ujinga wake wote. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijua.

Asubuhi nilikwenda kwenye atelye na kumwomba muzee aje aone kitu kwa mama. Alikuja bila kunisalimia vizuri. Alipoziona zile alama, alitoa miwani mfukoni, akasogea.

"Rouge ni mimi. Bleu ni mimi." Akapiga goti, akapitisha kidole gumba kwenye mikato ya patasi. "Hii haiko mimi. Hii ni bwana mwenye alinifundisha kazi. Anakata kwa kulalisha patasi, unaona? Alikuwa na mukono ya kushoto." Akakaa pale chini, akitazama kazi ya mtu aliyekwisha kufa. "Niliandika juu yake mara mbili, sikuangalia kama ni yeye."

Kuanzia hapo sikuwa na wasiwasi tena. Hasira yangu ikipata njia ni mfanyakazi mzuri sana. Tulikuwa na siku zilizobaki za yale majuma mawili, nami nilikuwa na orodha ya nyumba zilezile. Tukazirudia, yeye na mimi, na safari hii hatukumuuliza mtu yeyote umri. Tuliomba kuvuta vitanda. Watu walicheka sana, mama mmoja akatuuliza kama tunatafuta panya au mume. Muzee alisoma kuta, mimi nikaandika. Alijua mikono ya mafundi karibu wote wa mji, huyu anaanzia dirishani, yule anaandika sita kama tisa, na kwa mikono hiyo, na kwa kile ambacho familia zilikumbuka kuhusu kila safari, tukapata umri wa mbao zenyewe.

Sikutia chumvi. Mbao zilizobadilishwa tuliziandika kuwa zimebadilishwa. Na tuliona jambo lingine ambalo nilikuwa nimelipita na macho yangu mawili. Ubao unaanza kuoza chini, mahali unapogusa unyevu, kwa hiyo kila nyumba inapohamishwa fundi anakata sehemu iliyooza. Nyumba inapungua kiganja kimoja kila safari. Ndiyo maana wageni warefu wanajigonga kwenye mlango wa mama yangu, nasi miaka yote tulidhani ni wao hawaangalii.

Niliandika mstari upya, nikaupeleka kwa mhakiki wa hazina. Huyo ni mama mmoja anayekaa mbali sana na hapa, mwenye sauti ya upole inayoudhi, na tunazungumza naye kwa Kifaransa kwenye simu yenye picha. Akaniambia alama za seremala si hati. Nilikuja juu. Nilimwambia kwamba hati zetu zilikaa kwenye ofisi ambayo lava ilipita juu yake, na kwamba seremala anayeandika namba ili ukuta usikosee mahali pake ana sababu nzuri ya kuandika kweli kuliko karani yeyote. Aliningoja nimalize. Kisha akasema amekubali hoja hiyo, na akauliza swali moja dogo. Mbao laini kama hizo, katika mji wenye mvua kama ule, zimepakwa nini hata zikae muda wote huo?

Katika karatasi zangu kulikuwa na safu ya dawa ya mbao, na kila mahali nilikuwa nimeandika: hakuna. Watu walinijibu hakuna, nami niliona ni sawa, kwa kuwa dawa kwetu ni kitu cha dukani. Lakini karibu kila nyumba ya mbao Goma inapakwa vidanje, yaani mafuta machafu yanayotolewa kwenye injini za magari. Yanafukuza wadudu, yanazuia maji, na yanaufanya ukuta uwe mweusi. Mvua ikipiga yanateremka polepole hadi kwenye udongo. Mashati yangu yote ya shule yalikuwa na doa mgongoni kwa sababu ya kuegemea ukuta wa darasa. Katika hesabu yetu kitu hicho kina safu yake, safu ya sumu, na haipendezi.

Nilimwendea muzee jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama, nikamwambia.

"Ile usiandike," akasema.

"Wameuliza, papa."

"Sema hakuna. Mara ya kwanza ulisema hakuna, hawakukufunga."

"Mara ya kwanza sikufikiri. Sasa ninajua."

Aliweka msumeno chini. "Unaniokota asubuhi, jioni unanitupa. Ni juu ya nini ulikuja kuniamsha kwa mama yako? Ungaliniacha na ile namba yako ya kwanza."

"Papa, niliandika namba mbaya moja, na umeona imekufanya nini. Siwezi kuandika ya pili hata kama ni tamu."

Akachukua tena msumeno. Siku zilizofuata alipita uani kwetu, akamsalimia mama kwa urefu, akauliza habari za mgongo wake, habari za kuku, na mimi nikiwa nimekaa palepale alinipita kama kiti. Iliniuma. Mtu huyo ndiye aliyebeba mlango wetu mgongoni siku tuliyotoka Kibati. Nilimpenda nikiwa mtoto, nampenda hadi leo, na nilijua kwamba nikibonyeza kitufe cha kuutuma mstari pengine ninawafukuzisha kazi watu sita pamoja naye. Nikabonyeza. Vidanje iliingia katika hazina, wazi, kwa mji wetu.

Lakini sikuishia hapo. Nilirudia karatasi za vitanda, nikatafuta mbao zilizoishi sana bila kupakwa, kwa sababu nilikumbuka kuziona. Zilikuwapo. Ukuta wa mama nyuma ya kitanda ulikuwa mmoja wao: mbao zenye mikato ya patasi zilikuwa na rangi yao ya asili, kavu, nzima. Zote za namna hiyo, tulipouliza familia, zilikuwa zimesimama kwenye msingi mrefu wa mawe, ule wa zamani, ambao siku hizi watu wanaupunguza ili kumaliza kazi haraka. Jiwe la lava lina matundu, halishiki maji, na ubao ulioinuliwa juu yake unakauka kila jua likitoka. Basi nikaandika mistari miwili. Mmoja ni wa mbao zenye vidanje juu ya msingi mfupi. Mwingine ni wa mbao zisizopakwa kitu juu ya msingi mrefu. Mhakiki akaipitisha yote miwili, akaniambia kwamba ni kazi nzuri. Nilimshukuru kwa sauti ya upole kama yake.

Katika hesabu mpya mstari wa kwanza ulishindwa na paneli kwa sababu ya sumu. Wa pili ulizishinda paneli, tena vizuri. Kwa hiyo shule nzima ilikuwa imebaki kwenye jambo moja: kama kuna fundi atakayekubali kujenga bila vidanje na kuisimamia kazi yake. Fundi mwenyewe alikuwa haongei nami.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa parokia. Muzee alikuja amevaa koti lake la kanisani, akakaa safu ya nyuma na mafundi wake. Nilieleza hesabu, kwanza iliyokuwa na kosa langu, na nikasema wazi kwamba ni langu, halafu mpya. Mwakilishi wa mfadhili, kijana mwenye daftari, aligeuka kwenye kiti.

"Muzee, unaweza kujenga bila kupaka vidanje?"

Nilitaka kumjibia. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikaufunga, maana kazi ilikuwa yake na jina lililokuwa hatarini lilikuwa lake. Muzee alisimama polepole, akaangalia mikono yake.

"Bwana mwenye alinifundisha alijenga maisha yake yote bila vidanje," akasema. "Wakati ile, motokari zilikuwa kidogo. Vidanje angaliitoa wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kazi yake niliiona sasa hivi, kwa huyu mama. Inasimama. Munipatie mawe ifike kwenye goti, si kwenye kifundo. Mawe ikifika kwenye goti, mbao itakaa." Akaketi. Kisha, bila kunitazama, akaongeza: "Na huyu aandike vile nimesema."

Niliandika. Walikubali kabla ya chakula cha mchana.

Nilikwenda kwenye eneo la ujenzi asubuhi ambayo ukuta wa kwanza ulikuwa unasimamishwa. Msingi mweusi ulikuwa umefika gotini kweli, muzee alikuwa ameupima kwa goti lake mwenyewe na kumrudisha mwashi mara mbili. Mbao mpya zilikuwa zimepangwa kwenye nyasi, nyeupe, zikinukia kalitusi. Alikuwa ameinama juu yake na patasi na nyundo ya mti, anakata alama kwenye kila moja, mkato mmoja, miwili, mitatu. Alilalisha patasi kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiilalisha.

"Papa, namba ni za kubomoa," nikamwambia. "Wewe ndiyo kwanza unajenga."

"Haiko mimi nitabomoa," akasema.

Akaendelea hadi akamaliza safu. Halafu akachukua ule ubao wa kwanza, wa kona ya mlango, akauweka mbele yangu na kunipa patasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuishika, na mpini ulikuwa na joto la mkono wake.

"Weka mwaka," akasema. "Ule atakuja nyuma yako na kesionere, asiulize batu."

Nikapiga magoti kwenye maranda, nikakata. Namba ya mwisho ilipinda, patasi ikaruka, ikakwaruza ubao mzuri pasipo sababu. Nilimwangalia nikingoja karipio langu nililolikosa siku ile uani. Alivaa miwani, akainama, akausoma mwaka wote kwa kidole.

"Mbaya," akasema. "Lakini inasomeka."

Akaunyanyua, akauegemeza mahali pake juu ya mawe, alama ikitazama ndani, na kupigilia msumari wa kwanza.